Kipandisha Umeme Katika Siku za Eda

Baba alipokufa, watu walianza kuja kuchukua redio zao. Alikuwa fundi redio, na kibaraza cha nyumba yetu pale Ngokolo ndicho kilichokuwa karakana yake. Walikuja kwa adabu. Waliketi kidogo mkekani, wakatoa pole, halafu mmoja akasema, "Ile yangu, mwanangu, ni yenye kava la ngozi, mkanda umekatika." Nikampa. Nyingine baba alikuwa amezifungua bila kuzimaliza. Hizo nilizitoa hivyo hivyo, na skrubu zake nimezifunga kwenye karatasi. Ilipofika arobaini, mezani ilibaki redio moja tu, ya kwetu wenyewe: redio ya zamani ya valvu, sanduku la mbao, aliyoinunua kabla mimi sijazaliwa.

Mama alikuwa ndani, katika eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, na wageni wa kiume wasio ndugu humsalimu kwa mbali. Mimi ndiye niliyekuwa miguu yake. Nilikwenda kisimani, sokoni, kwa mwalimu wa madrasa, na kila mahali nilisema machache niliyotumwa nikarudi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa na nilikuwa na haya nyingi. Hata dukani nikitumwa chumvi, nilingoja watu wote wahudumiwe kwanza ndipo niseme. Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea, na baba, badala ya kunigombeza, aliniketisha mbele ya meza yake. "Kaa hapa," alisema. "Redio haikuulizi wewe mtoto wa nani."

Kaka yangu hakuja mazikoni. Alikuwa machimboni, upande wa Bulyanhulu, akichimba dhahabu na wenzake kwa sururu na kamba. Tulitangaza kifo cha baba redioni kama watu wote wafanyavyo, na baada ya wiki mbili dereva wa lori alitushushia ujumbe wa mdomo: kijana wenu amesikia, amelia sana, duara lao linakaribia mwamba, atakuja arobaini. Duara ni shimo lao la kuchimbia, na mwamba ndio wenye dhahabu. Mama aliuhifadhi ujumbe ule kama kitu cha kushikwa. Alimwambia kila mgeni, "Mwanangu anakuja arobaini."

Arobaini ilipita. Hakuja.

Asubuhi iliyofuata mama aliniita. "Mtu asiyekuja arobaini ya baba yake ana sababu," alisema. "Siwezi kutoka kuitafuta. Niletee redio humu ndani."

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua na aliyekuja kila siku kumpa mama habari za mtaa, aliangua kicheko. "Mjane na redio, shoga yangu! Bado kanga za harusi tu."

"Nitasikiliza vifo," mama akasema. "Vifo navyo vina ngoma?"

"Na ukisikia uliyekuwa hutaki kumsikia?"

"Ndiyo maana nataka kusikiliza. Nikimaliza kusikiliza na hawakumtaja, siku hiyo nala."

Jirani akaacha kucheka. Kuanzia hapo nilijua ninachotengeneza ni nini.

Redio ile ilitaka umeme wa aina mbili: mdogo wa kuwasha nyuzi za valvu, vile vichupa vya kioo vya ndani, na mkubwa, wa volti tisini, wa kuifanya iseme. Zamani betri ya volti tisini iliuzwa madukani, kubwa kama tofali. Miaka hiyo, mwanzoni mwa themanini, hata betri za tochi zilikuwa zikionekana dukani asubuhi na adhuhuri hazipo. Nyumba yetu haikuwa na umeme wa waya. Tulichokuwa nacho ni betri ya gari ya volti sita, kuukuu, yenye madaraja ya risasi yanayoonekana juu. Kwa ajili ya nyuzi za valvu nilichukua umeme wa chumba kimoja cha betri na kuupunguza kidogo kwa waya mwembamba. Hilo halikunisumbua. Kazi ilikuwa kuitoa tisini ndani ya sita.

Baba alikuwa amenieleza namna, ingawa tulikuwa hatujafanya pamoja. Umeme wa betri umetulia, kama maji ya mtungini, na kitu kilichotulia hakipandi. Lazima uukatekate. Unauacha upite kwenye koili, halafu unaukata ghafla. Koili haipendi kukatwa, nayo hurusha umeme mkali upande wa pili. Ukikata hivyo mara maelfu kwa sekunde moja, mirusho hiyo inakusanyika kwenye kapasita, kitunza umeme, na mshale wa mita unapanda. Mkataji ni transista. Nilikuwa nayo moja tu ya kufaa, niliyoitoa kwenye redio ya gari iliyokufa. Koili niliizungusha juu ya kijiti cheusi cha antena ya ndani, upande mmoja waya mnene mizunguko michache, upande wa pili waya mwembamba kama unywele, mamia ya mizunguko. Mara mbili mama alinisemesha nikapoteza hesabu, nikafungua yote na kuanza upya. Chuma cha kuchomelea risasi nilikipasha kwenye jiko la mkaa, pembeni ya sufuria ya maharage.

Siku nilipokiunganisha, mshale ulipanda mpaka themanini na nane. Valvu zikawaka. Redio ikasema.

Lakini haikusema peke yake. Nyuma ya sauti ya mtangazaji kulikuwa na mngurumo mkali, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nilizima, nikawasha, nikageuza sanduku. Ndipo nilipoelewa kwamba kelele ni kidude changu chenyewe. Kila mara transista ilipokata, koili ilipiga ukelele ambao sikio la mtu halisikii, ila sikio la redio linausikia vizuri kuliko kituo chochote.

Nilijua dawa yake. Niliweka kapasita ndogo kwenye koili, ili ukataji usiwe wa ghafla sana. Mngurumo ukashuka. Nikaongeza nyingine, ukashuka tena, mpaka tukamsikia mtangazaji akifunua karatasi. Mama akasema, "Alhamdulillahi, kama yuko chumbani."

Nikagusa transista. Ilikuwa ya moto.

Hapo nilijifunza jambo ambalo nimelifikiri mara nyingi tangu siku ile. Mlango uliofungwa hauchoki, na uliofunguliwa hauchoki. Unaochoka ni ule unaoshikiliwa katikati. Transista ikikata upesi haipotezi kitu, lakini inapiga kelele. Ikikata taratibu inanyamaza, lakini muda wote ule wa katikati inaungua, na umeme wa betri unageuka joto bure. Na transista za aina ile ya zamani, zikishapata moto, huvuja zaidi, na zikivuja hupata moto zaidi. Niliweka kipande cha bati kuipoza. Hata hivyo, kwa kunyamaza kule, betri iliishi siku tatu. Bila zile kapasita, iliishi siku nane.

Siku nane ndizo zilizokuwa na maana. Betri ilichajiwa na mzee mmoja nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, na injini yake ilipata dizeli mara moja kwa wiki, ikichelewa siku nane. Nilikuwa nikiifunga betri kwenye baiskeli ya baba na kuisukuma, maana tindikali ikimwagika inakula nguo.

"Mwangaluka, mayu," mzee alinisalimu kwa Kisukuma kila nilipofika. "Umeniletea jiwe lako tena? Siku tatu tu! Nyinyi huko Ngokolo mnaitia kwenye uji?"

Niliinamisha kichwa, naye akacheka peke yake na kuniandikia namba kwa chaki ubavuni mwa betri. Zamu yangu haikuwa mpaka dizeli nyingine.

Nilijaribu njia zote nilizozijua. Nilikifunika kidude kwa kopo la maziwa ya unga ili kelele zisitoke. Zilipungua, lakini kopo nalo lilikula umeme, koili ikapoteza nguvu, mshale ukashuka, nikalazimika kukilisha zaidi. Nilichimbia msumari mrefu ardhini nyuma ya nyumba, nikauunga kwa waya ili kelele zizame udongoni, na kuumwagia maji asubuhi na jioni. Nilitoa kapasita moja na kubakiza moja: siku tano, na kelele nusu. Nilirefusha waya ili kidude kikae mbali na redio, ule waya wenyewe ukageuka antena ya kelele. Kila nilichoongeza ili kinyamaze kilitoza kitu kwenye betri. Kaka angekuwepo angenicheka. "Unataka ng'ombe na maziwa na asinuke," alikuwa akiniambia tangu utotoni nilipotaka vitu viwili kwa pamoja.

Mwishowe nilimweleza mama. Nilisema polepole, nikitazama mikono yangu. Nikasema naweza kumpa sauti safi siku tatu halafu kimya siku tano, au kelele siku zote nane.

Hakufikiri. "Kelele," alisema. "Siku tano za kimya unataka nile vipi?"

Nikaondoa kapasita zote na kopo. Basi tukawa tunasikiliza hivyo, kila mchana baada ya taarifa ya habari, mama ameketi karibu na mlango wa ndani akichambua choroko au kushona ukili, mimi nimekaa sakafuni karibu na redio, kidole juu ya transista. Mtangazaji aliwasoma waliofariki mmoja mmoja, na mngurumo ukapita juu ya majina yao. Mama alizoea kusikia miji tu: Kahama, Ushirombo, Mwanza, Tabora. Majina nilimrudia mimi. Nilikuwa nayasikia. Baba alinizoeza kusikiliza kituo dhaifu chini ya kituo chenye nguvu, na kelele zile nilizijua, nilizizungusha kwa mikono yangu.

Ikawa wiki ya tatu. Siku hiyo betri ilikuwa kwenye siku yake ya tano. Mtangazaji alisoma mtu wa Singida, halafu akasema kuwa wachimbaji wa machimbo ya Bulyanhulu wanasikitika kutangaza kifo cha mwenzao, kilichotokea baada ya kufukiwa na kifusi, na kwamba mazishi yamekwisha kufanyika huko huko. Akataja jina la kaka yangu. Akataja na la baba, kama ndilo jina lake la pili. Habari zimfikie mama yake mzazi, Ngokolo, Shinyanga, na baba yake mdogo wa hapo hapo Shinyanga.

Bulyanhulu mngurumo ulikuwa umeimeza; Ngokolo haukuimeza. Mama aliinua uso. "Wamesema Ngokolo."

Nilikuwa nimetazama transista.

"Ngokolo kwa nani?"

"Sikusikia, mama," nikasema. "Kelele."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sikupanga. Ulimi wangu, ambao hautaki kusema neno mbele ya watu, siku hiyo ulisema upesi.

Mama alitikisa kichwa. "Maskini. Mtaa wetu tena. Kesho nenda ukaulize ni nyumba ipi, tuwapelekee hata sukari kidogo. Mimi watu walinijali." Akarudi kwenye choroko zake. Halafu, kwa kuwa hakumsikia mwanawe akitajwa, alikula. Alikula wali wote niliompakulia, akanitania kwamba nywele zangu zinanuka risasi, nani ataoa mtu anayenuka risasi. Alicheka. Tangu baba afariki sikuwa nimemwona akicheka mpaka akaziba mdomo.

Magharibi aliswali, akabaki kwenye msala akaomba kwa sauti. Alimwomba Mungu amrejeshe mwanawe salama, amwepushe na magari na watu wabaya njiani, amfikishe mlango ukiwa wazi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikaitikia amina.

Asubuhi nilipokwenda kisimani niliona watu wamejua. Wanawake wawili waliokuwa wakiongea njiani walinyamaza nilipopita, wakanisalimu mno. Jirani wa vitumbua hakuja. Kwetu habari ya kifo haimwendei mjane wa eda kwa mdomo wa jirani. Anangojwa mwanamume wa ukoo aje aiseme, watu wamfuate nyuma. Wote walikuwa wanamngoja baba mdogo, ndugu yake baba, aliyekaa ng'ambo ya reli. Baba mdogo hakuwa na redio. Kwa hiyo mtaa mzima ulinyamaza, na mimi nikanyamaza, na mama akaniuliza, "Umeulizia? Ni nyumba gani?" Nikasema, "Bado."

Nilijua tangazo la kifo husomwa siku mbili mfululizo. Kabla ya adhuhuri niliwasha mkaa, nikapasha chuma, nikarudisha kapasita zote mbili mahali pake. Nikakifunika kidude kwa kopo la maziwa. Nikamwagia msumari maji ndoo nzima. Betri ilikuwa imebaki na nguvu kidogo, na nilijua kwa namna hii ingekwisha siku ile ile, na huenda transista nayo. Sikujali. Nilitaka redio iseme, ili nisiseme mimi. Nimejitafutia maneno mengine mazuri zaidi ya hayo na sijayapata.

Nilipoiwasha, chumba kilikuwa kimya nyuma ya sauti. Mama alishangaa. "Leo imetulia! Umeifanyaje?"

"Nimerudisha vile vidude."

"Na betri?"

"Itatosha leo."

Alitabasamu, akasogeza kigoda chake karibu. Taarifa ya habari ikaisha. Mtangazaji akaanza kusoma, na kila neno lilifika zima. Mtu wa Singida tena. Halafu wachimbaji wa Bulyanhulu wanasikitika. Halafu jina.

Hakupiga kelele. Ungo ulikuwa magotini na haukumwagika. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka habari zikamfikia mama mzazi. Kisha alitazama lile kopo juu ya kidude, akanitazama mimi.

"Jana walisema Ngokolo."

"Ndiyo, mama."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

Redio iliendelea na watu wengine.

"Jana magharibi nilimwombea njia," mama akasema. "Mtoto yuko kaburini namwombea magari. Angekuwa amepata dua yangu ya rehema tangu jana, nimempa barabara. Na wewe uliitikia amina."

Nilinyoosha mkono kuizima redio.

"Iache. Wenzetu bado wanasomwa."

Ndipo alipojifunika kanga usoni na kuinamia ungo, na sauti niliyoisikia ikitoka chini ya ile kanga sitaiandika. Nilikaa. Sikujua kama naruhusiwa kumgusa. Baadaye alijifunua, uso umebadilika, akasema, "Nenda kwa baba yako mdogo."

"Mama, labda nimwombe jirani atume—"

"Usimtume mtu. Nenda kwa miguu yako, ukamwambie kwa mdomo wako."

Nikaenda. Jua lilikuwa kali na mtaa haukuwa na watu, au walikuwa ndani wakinitazama. Nilivuka reli. Njia nzima nilipanga maneno. Nilitaka yawe machache, yasiyo na mwanzo mrefu, lakini kila nilipoyapanga yalikuwa maneno ya mtangazaji, wanasikitika kutangaza, nami nikayatupa nikaanza upya.

Baba mdogo alikuwa uani, akichonga mpini wa jembe kwa tezo. Nilisimama penye ua wa minyaa mpaka aliponiona mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na jua hili? Mama yenu hajambo?"

Nikasema. Nikamtaja kaka, nikasema kwamba amekufa, kifusi kimemfukia, wamekwisha kumzika.

Aliendelea kunitazama, tezo mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayengoja.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," akasema. "Sikusikii."

Nikavuta pumzi, nikasema tena.